Kwa Nini Gome la Mti Liwe Dawa? Mwerebi Mweusi wa Marekani na Milama ya Biharamulo

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wa biolojia huulizwa darasani, lipo moja ambalo vitabu vya kiada hulipita upesi: kwa nini gome la mti liweze kutibu maradhi ya binadamu? Mti hauumwi kichwa, wala haupatwi na homa. Iweje basi ndani ya gome lake ipatikane kemikali inayotuliza kichwa na kushusha homa ya kiumbe mwingine kabisa?

Jibu fupi ni kwamba mti haukutengeneza dawa kwa ajili yetu. Ulijitengenezea silaha ya kujilinda, nasi tukaja baadaye tukaona kwamba silaha hiyo, ikipimwa vizuri, hutufaa. Katika makala haya tutalifafanua jibu hilo kwa kufuata miti miwili. Wa kwanza ni mwerebi mweusi wa Marekani, ambao ndugu zake ndio waliotupatia asili ya aspirini. Wa pili ni mlama, mti ambao mwanafunzi wa Biharamulo au Ngara huupita kila siku aendapo shuleni. Makusudi yetu ni kuonyesha kwamba uchunguzi wa dawa za miti na uchunguzi wa mazingira ya miti hiyo, yaani ekolojia, ni kazi moja. Na kwamba tukizitenganisha kazi hizi mbili tunaweza kupoteza mti pamoja na dawa yake.

Mwerebi mweusi ni mti wa namna gani?

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekwisha kukutana na mierebi, ile miti iotayo vijitoni. Jenasi ya mierebi, ambayo wataalamu huiita Salix, ina aina zaidi ya 300, nyingi zikiwa katika nchi za baridi za kaskazini. Afrika nayo ina mwerebi wake, Salix mucronata, unaoota kandokando ya mito tangu Misri hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo katika eneo hilo.

Mwerebi mweusi, Salix nigra, ni mwenyeji wa Marekani ya Kaskazini, hasa sehemu za mashariki na bonde la mto Mississippi. Umepata jina lake kwa sababu ya gome lake jeusi lenye mipasuko mirefu. Katika udongo mzuri hufikia kimo cha mita 30 na zaidi. Kama ilivyo kwa mipapai, ipo miti dume na miti jike. Mbegu zake ni ndogo sana, zina manyoya kama sufi, na hupeperushwa na upepo au kuchukuliwa na maji. Lakini uhai wa mbegu hizo ni mfupi mno: zisipoangukia mahali penye unyevu katika muda wa siku chache tu, hufa.

Kwa hiyo mwerebi mweusi ni mti wa ardhi mpya. Mto unapofurika na kuacha tope tupu ukingoni, miche yake huwa ya kwanza kuota hapo. Mizizi yake hushika udongo, tope huzidi kujengeka, na miti mingine huja baadaye. Tabia hiyo imewafanya wataalamu wa ekolojia kuuchunguza sana. Wahifadhi wa mito hukata vijiti vyake na kuvichomeka katika kingo zinazomomonyoka. Vijiti huota mizizi na kuuzuia udongo.

Kutoka gome hadi kidonge

Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, yenye umri wa miaka ipatayo 3500, yanautaja mwerebi miongoni mwa dawa. Huko Marekani baadhi ya wenyeji, wakiwamo Wacherokee, walitumia gome la mwerebi mweusi kwa wagonjwa wa homa. Lakini hatua iliyofungua mlango wa maabara ilipigwa Uingereza mwaka 1763. Kasisi mmoja wa Chipping Norton, Edward Stone, alikuwa ameonja gome la mwerebi akashangazwa na uchungu wake, uliofanana na ule wa gome la mkwinini lililoletwa kutoka Peru. Alilikausha gome hilo kwa zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akaanza kuwapa wagonjwa wa homa za vipindi kipimo kidogo, kisha akakiongeza taratibu. Baada ya kuwatibu watu wapatao 50, aliwaandikia wanasayansi wa Jumuiya ya Kifalme ya London kuwaeleza aliyoyaona.

Mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake kwamba hapa pana mambo mawili tofauti. Hoja iliyomwongoza Stone haikuwa na nguvu: alidhani kwamba, kwa kuwa homa hizo hupatikana penye majimaji, dawa yake nayo lazima iote penye majimaji. Lakini njia aliyoifuata ilikuwa nzuri: alipima, alihesabu, akaandika.

Mambo yaliyofuata yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alipata kutoka katika gome la mwerebi fuwele za manjano zenye uchungu, akaziita salisini, kutokana na jina Salix. Mwaka 1838 Raffaele Piria wa Italia alipata kutokana na salisini asidi ya salisili. Asidi hiyo ilituliza maumivu, lakini iliunguza tumbo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, aliibadili kidogo ikawa asidi ya asetili-salisili, nayo mwaka 1899 ikaanza kuuzwa kwa jina la Aspirin. Hata hivyo, namna inavyofanya kazi mwilini haikujulikana mpaka mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alipoonyesha kwamba huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu, uvimbe na homa. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982.

Kushusha homa si kuua vimelea

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kueleza jambo ambalo katika mkoa wenye malaria kama Kagera ni la kufa na kupona. Wengi wa wagonjwa wa homa za vipindi nyakati zile huenda walikuwa na malaria. Mwerebi na mkwinini yote ni michungu, na yote miwili ilishusha homa. Lakini kwinini, iliyotolewa katika gome la mkwinini mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, huua vimelea vya malaria ndani ya damu. Salisini haiviui. Hushusha joto la mwili tu, na vimelea huendelea kuzaana.

Maana yake ni kwamba dawa mbili zaweza kufanana kwa ladha na kwa matokeo ya siku ya kwanza, hali moja inaponya na nyingine inaficha ugonjwa. Mama anayeona mtoto wake amepoa baada ya kunywa maji ya gome fulani hana njia ya kujua kwa macho ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Ndiyo sababu mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati apimwe damu, hata kama amepata nafuu. Hatusemi hivi kwa kuwadharau waganga wa jadi. Tunachosema ni kwamba swali la kuuliza juu ya mti wowote si kwamba “unatibu au hautibu?” Swali ni kwamba “unafanya nini hasa mwilini, na kwa kipimo gani?”

Silaha ya kiumbe asiyeweza kukimbia

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Mti umefungwa mahali pamoja. Swala akimwona simba hukimbia, lakini mti ukivamiwa na viwavi, kuvu au mbuzi, hubaki palepale. Njia mojawapo ya kujilinda ni kuweka katika gome na majani kemikali chungu, zenye sumu, au zenye kulifanya jani lisiyeyushike tumboni. Salisini ni mojawapo ya kemikali hizo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Finland walionyesha kwamba mbawakawa wanaokula majani ya mierebi huchagua aina za mierebi kufuatana na namna na kiasi cha kemikali za jamii ya salisini zilizomo.

Wapo hata mbawakawa waliogeuza silaha hiyo kuwa yao. Mabuu ya baadhi ya aina za Chrysomela hula majani yenye salisini, huigeuza ndani ya miili yao kuwa kimiminika chenye harufu kali, na kukitoa mgongoni wanapoguswa na adui. Mdudu anaishi kwa silaha aliyoiiba kwa mti.

Asidi ya salisili ina kazi nyingine tena ndani ya mimea. Mwaka 1979 mtafiti wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, aliingiza aspirini katika majani ya tumbaku, akaona kwamba majani yalipata uwezo wa kupambana na virusi. Mwaka 1990 makundi mawili ya wanasayansi yalithibitisha kwamba mmea wenyewe unaposhambuliwa huongeza asidi ya salisili, nayo hushiriki katika kuziamsha sehemu nyingine za mmea zijiandae. Kemikali tunayoimeza kutuliza kichwa, kwa mmea ni kengele ya hatari.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi hatupaswi kutarajia kwamba kila gome la mti wa aina moja litakuwa na nguvu ileile. Kiasi cha kemikali za kujilinda hubadilika kwa umri wa mti, majira ya mwaka, rutuba ya udongo, na mashambulizi ambayo mti umeyapata. Mganga asemaye kwamba dawa ya mti fulani ichukuliwe kwenye mti mkubwa, mlimani, wakati wa kiangazi, huenda anaeleza matokeo ya uchunguzi wa vizazi vingi. Mtafiti akichukua gome lolote, kutoka mti wowote, mwezi wowote, kisha akasema dawa haifai, bado hajaijaribu dawa aliyoambiwa.

Mlama wa Biharamulo

Biharamulo na Ngara ni nchi ya miombo na ya mbuga zenye miti iliyotawanyika. Mmojawapo wa miti ya mbuga hizo ni mlama, hasa aina iitwayo Combretum molle. Wahaya na baadhi ya majirani zao huuita murama. Gome lake ni la kijivu kilichokolea hadi jeusi, gumu, lenye mipasuko. Majani yake ni laini kama mahameli. Tunda lake ni kavu na lina mbawa nne za kuupandia upepo.

Walowezi wa Afrika Kusini waliiita jamii hii ya miti kwa jina lenye maana ya “mierebi ya porini”, kwa kuwa baadhi ya aina zake huota kandokando ya mito kama mierebi ya kwao. Jina hilo lisimpotoshe mwanafunzi. Mlama hauna udugu wa karibu na mwerebi. Ndugu yake tunayemfahamu zaidi ni mkungu wa pwani. Ndugu halisi wa mwerebi katika nchi yetu ni mti ambao wachache wangeudhania: mchongoma wenye matunda mekundu, Flacourtia indica. Uchunguzi wa chembe za urithi ndio uliowafanya wataalamu kuuhamishia katika familia ya mierebi.

Ingawa si ndugu, mlama na mwerebi zimefikia shabaha moja kwa njia mbalimbali. Silaha kubwa ya mlama ni tanini, kemikali zinazoshikamana na protini. Mnyama alaye jani lenye tanini nyingi hapati chakula cha kutosha, kwa kuwa protini zimefungwa. Tabia hiyohiyo hukaza ngozi na kukausha kidonda, nayo yaweza kuwa sababu mojawapo ya mlama kutumiwa na waganga wa sehemu nyingi za Afrika kwa vidonda na maradhi ya tumbo. Mwaka 2001 watafiti wa Ethiopia pamoja na wenzao wa Ulaya walieleza kwamba gome la Combretum molle lina tanini iitwayo punikalajini, ambayo maabarani ilizuia baadhi ya vimelea. Maabarani, tunasisitiza, chupa ya kioo si mwili wa mtu.

Jamii hii ina jambo jingine la ajabu. Mwaka 1982 George Pettit na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba wametoa katika mlama wa Afrika Kusini, Combretum caffrum, kemikali waliyoiita kombretastatini. Mwaka 1989 wakaeleza aina yake yenye nguvu zaidi, ambayo huharibu mishipa inayolisha uvimbe wa saratani. Imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa, ingawa haijawa dawa ya kawaida ya hospitali.

Mti ukitoweka kabla ya kuulizwa

Hapa Tanzania utafiti wa dawa za asili ulipata kitengo chake Muhimbili mwaka 1974, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Watafiti wa taasisi hiyo walichapisha mwaka 2009 orodha ya mimea 94 inayotumiwa kwa tiba na wananchi wa kata ya Bugabo, Bukoba. Baadaye walifuata kata ya Katoro na kijiji cha Kikuku huko Muleba. Hao ni majirani wa Biharamulo. Orodha za namna hiyo ni msingi mzuri, lakini orodha haituambii kama mti uliotajwa bado unazaliana.

Na mambo yanayoizuia miti isizaliane yako wazi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Watu hao walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na hapakuwa na njia nyingine ila kukata. Mpaka wengi wao waliporudi kwao Desemba 1996, vilima vilivyozunguka kambi vilikuwa vimepoteza sehemu kubwa ya miti yake. Hatuwezi kuwalaumu waliokimbia kifo. Lakini tukio hilo lilionyesha jinsi duka la dawa la nchi nzima linavyoweza kufungwa kwa miaka miwili.

Adui wa kila mwaka ni moto wa kiangazi. Huko Ndola, Zambia, tangu mwaka 1933 yaliwekwa maeneo ya majaribio katika miombo: mengine yalichomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu; mengine yalichomwa mwishoni mwa kiangazi; na mengine yalilindwa yasiungue. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959 yalikuwa dhahiri. Moto wa kuchelewa uliiangamiza miti mikubwa ya miombo, lakini moto wa mapema uliiacha iendelee. Mlama una gome nene na huchipua tena ukikatwa. Hata hivyo, chipukizi linaloungua kila Septemba halifikii umri wa kuzaa mbegu.

Namna ya kuchuna gome nayo ina maana yake. Chini ya gome ndipo inapopita njia ya kuteremshia sukari kutoka majanini hadi mizizini. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa polepole. Katika sehemu kadhaa za Afrika waganga hufuata mwiko wa kuchuna upande wa mashariki na wa magharibi tu. Mtu wa nje aweza kuuona mwiko huo kuwa ushirikina. Mtu wa ekolojia ataona kwamba kusini na kaskazini mwa shina njia ya chakula imebaki nzima, na mti utaishi. Mwiko huo huvunjika pale gome linapochunwa kwa magunia na watu wasio waganga, ili kuuzwa mijini.

Kazi kwa shule

Utafiti wa namna hii hauhitaji vyombo vya gharama. Shule yoyote ya sekondari ya Biharamulo au Ngara, kwa idhini ya serikali ya kijiji, inaweza kufanya yafuatayo:

1. Kupima kwa kamba eneo la mita 20 kwa 20 katika pori la karibu, na kuweka alama kwenye pembe zake.

2. Kuhesabu milama yote iliyomo, ikitenganisha miti mikubwa, machipukizi ya visiki na miche iliyotokana na mbegu.

3. Kupima mzingo wa kila shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kuandika ni sehemu gani ya gome imechunwa: robo, nusu, au shina zima.

4. Kurudia hesabu kila mwaka mwezi Juni kabla ya moto, na Oktoba baada yake.

5. Kukausha tawi lenye majani na matunda kati ya magazeti, pamoja na tarehe, mahali na jina la kienyeji, ili wataalamu wa chuo kikuu waweze kuhakikisha jina la kisayansi.

Wanafunzi wakiwaendea wazee na waganga kuwauliza, waende kwa adabu, waeleze shabaha yao, na wasiandike lile ambalo mwenyewe hakutaka liandikwe. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria inayoitambua tiba asili, na ujuzi wa mganga ni mali yake. Wala mwanafunzi asijaribu kuonja au kunywa gome lolote. Stone alifanya hivyo, lakini hakuwa na maabara, sisi tunazo.

Baada ya miaka mitano shule itakuwa na daftari lenye jambo ambalo halipatikani katika kitabu chochote: kama milama ya pori lile inaongezeka au inapungua, na kwa sababu gani. Mtafiti wa dawa atakayefika hapo atajua achukue gome kwenye mti upi, mwezi upi, bila ya kuuua. Sehemu ya hifadhi za zamani za Biharamulo, Burigi na Kimisi ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na miti iliyomo ndani yake ina mlinzi. Milama iliyo nje ya mipaka hiyo, katika mapori ya vijiji, ndiyo ambayo wananchi huitumia, na ndiyo inayongoja mtu wa kuihesabu.